Kamati ya Ini la Baba

Baba yangu alikunywa pombe kama sehemu ya kazi, na kazi yake aliipenda.

Sisemi hivyo kumtukana. Katika miaka ya wakimbizi Kigoma ilikuwa mji wa semina. Watu walikuwa wakivuka kutoka Burundi wakiwa wamebeba magodoro na watoto, na nyuma yao, kwa ndege, walikuja watu wa kuwasaidia wakiwa wamebeba kompyuta. Baba alikuwa afisa wa serikali aliyehamishiwa huku kutoka Singida. Kazi yake ilikuwa kuwapokea wakimbizi ufukweni, kuwaandikisha na kuwapandisha kwenye mabasi ya kwenda kambini. Mchana alifanya hivyo, na alifanya vizuri. Jioni ilianza kazi ya pili, iliyoitwa tathmini, na tathmini ilifanyika baa.

Huko ndiko yalikoamuliwa mambo: malori yapite njia gani, maturubai yashushwe wapi, nani asafiri kwenda semina ya Arusha. Afisa asiyekunywa alisikia maamuzi kesho yake, kama raia wa kawaida. Baba hakutaka kusikia maamuzi kesho yake. Alikaa mpaka kikao kiishe, na vikao vile vilikuwa haviishi, vilikuwa vinaahirishwa tu.

Kisha wageni wakapungua. Magari meupe yenye antena ndefu yakaondoka na kwenda kwenye matatizo ya nchi nyingine, yakaiacha Kigoma na baa zake. Wenzake wengi wakahamishwa. Baba akabaki akifanya tathmini peke yake.

Tumbo lake lilipoanza kumtangulia mlangoni, mji ulimpongeza. Kwetu tumbo la afisa ni kama cheo kilichovaliwa kwa ndani. "Mambo yamekunyookea, Afisa," walimwambia pale Katubuka, tulipokuwa tunaishi, na Baba alilipapasa kwa unyenyekevu. Hata miguu ilipovimba, hata macho yalipogeuka rangi ya ndizi iliyoiva, watu walitafuta sababu kwa bidii kubwa na kwa uangalifu mkubwa wasiipate. Wengine walisema ni presha. Wengine walisema ni maji ya bomba. Shangazi alipiga simu kutoka Singida kusema kuna mtu ofisini anakitaka kiti chake, na kwamba Kigoma inajulikana kwa uchawi. Kila kitu kilishitakiwa isipokuwa chupa.

Daktari aliyemtoa maji tumboni alikuwa mwanamke wa makamo, naye kahamishiwa huku, kutoka Mbeya. Alikuwa amesomea India na aliongea taratibu, kama mtu asiyetaka kurudia.

"Mzee, ini lako limejaa makovu," alisema. "Sehemu nzima iliyobaki haitoshi kufanya kazi."

"Kovu si dalili ya kupona?" Baba aliuliza. Hata akiwa kalala na mrija wa maji ubavuni alikuwa mtu wa hoja.

"Kwenye goti, ndiyo. Kwenye ini, hapana."

"Na sababu ni nini?"

Daktari akamtazama Mama. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Alitazama dirishani, vile anavyofanya darasani anapomwachia mwanafunzi ajibu swali ambalo darasa zima linajua jibu lake.

"Pombe, mzee," daktari akasema mwenyewe.

"Ya miaka mingi," Baba akakubali, kwa sauti ya mtu anayetaja uzoefu wake kazini.

Siku hiyo ndipo tuliposikia kwa mara ya kwanza habari za seli shina. Daktari alieleza kwamba ndani ya mifupa yetu, kwenye uboho, kuna seli changa ambazo hazijaamua zitakuwa nini. Walimu wake kule India walikuwa wakijaribu kuwachoma wagonjwa sindano zinazozifukuza seli hizo kutoka kwenye uboho ziingie kwenye damu, kisha mashine inazichuja, kisha zinarudishwa mwilini karibu na ini, kwa matumaini kwamba litapata nguvu ya kujijenga. Walikuwa wanatafuta wagonjwa wa kujiunga na utafiti huo, na matibabu wangeyagharamia wenyewe. Yeye angeweza kumpendekeza Baba.

"Zinasaidia?" Mama akauliza.

"Hatujui. Ndiyo maana unaitwa utafiti. Kitu tunachojua kinasaidia ni kimoja tu, kuacha pombe. Na hata hao hawampokei mtu mpaka akae nusu mwaka bila tone. Kabla ya safari nitamtoa damu niipeleke Dar es Salaam. Kuna kipimo kinachoiona pombe ya wiki kadhaa nyuma."

"Nikisema sijanywa, si inatosha?" Baba akauliza.

"Wewe una aibu, mzee. Damu haina."

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi tangu mwanzo: nusu mwaka bila tone, damu safi, nafasi India. Hakuna aliyeweza kudai baadaye kwamba hakuelewa. Walidai, lakini tulikuwepo.

Siku za mwanzo Baba alilazwa, kwa sababu mtu wa kiwango chake akiacha ghafla anaweza kufa kwa kuacha. Aliporudi nyumbani alikuwa mwembamba, mwenye mikono inayotetemeka, na mwenye muda mwingi. Hatukuwahi kuwa na mtu kama huyo ndani ya nyumba. Aliuliza ni nani aliyehamisha kabati la vyombo. Kabati lilikuwa limehamishwa nikiwa darasa la tatu, na sasa nilikuwa nimemaliza kidato cha sita. Alitengeneza bawaba za mlango wa jikoni mpaka mlango ukaacha kufunga kabisa. Alibishana na redio. Asubuhi alitembea mpaka Kibirizi kutazama mitumbwi ikishusha dagaa, akarudi na maoni kuhusu nyavu, yeye mtu wa Singida ambaye samaki alimjua akiwa kwenye sahani.

Lakini jioni alikaa barazani. Milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa ilikuwa inatoka rangi ya buluu na kuingia rangi ya majivu, na Baba aliongea. Alimsimulia Mama habari za ufukweni ambazo miaka yote alizipeleka baa: mwanamke aliyemshikisha sufuria ili apandishe watoto kwenye boti na hakurudi kuichukua, watu waliolala wamekaa kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kunyoosha miguu, bibi aliyeandikisha mbuzi kama mkwewe ili asinyang'anywe, na Baba akaandika, mbuzi akapata namba. Mama alicheka mpaka akaweka pembeni madaftari aliyokuwa anasahihisha. Nilikuwa sijawahi kumsikia akichekeshwa na mume wake. Nilianza kuiombea damu ya Baba kwa sababu ambazo hazikuhusu India.

Sasa nimlete Mwenyekiti. Alikuwa mfanyabiashara wa mbao, Muha, mzaliwa wa hapa hapa, rafiki wa Baba wa meza moja tangu enzi za tathmini. Alikuwa mwenyekiti wa kamati za harusi, za misiba, za kipaimara na za mahafali, na sikumbuki kusikia kwamba aliwahi kuchaguliwa. Baba alimweleza habari za India kwa siri. Mwisho wa wiki siri ilikuwa imefika Ujiji. Mtaa wa Kasingirima walisema Baba anakwenda kuwekewa ini la Mhindi. Sokoni walisema ni la nguruwe, na wateja wawili Waislamu wa duka la jirani wakaacha kumpa mkono.

Mwenyekiti alijitwisha kazi ya kuuelimisha umma. "Ni kama migomba," alieleza sebuleni kwetu, mbele ya majirani. "Unang'oa machipukizi kwenye mgomba wenye afya, unayapanda kwenye shamba lililochoka. Basi."

"Mgomba ni wa shamba hilo hilo lililochoka," Mama akasema.

"Mwalimu, hii ni sayansi."

Kisha akatangaza kwamba kamati imeundwa. Matibabu yalikuwa ya bure, ndiyo, lakini kulikuwa na nauli, na zaidi ya nauli kulikuwa na heshima: mtu hawezi kuondoka kwenda India kimya kimya kama mwizi. Kamati ilikaa mahali kamati zote za Kigoma zinapokaa. Kamati ya kuokoa ini la mlevi ilikuwa inakaa baa, kila Jumamosi, na ajenda ya kwanza ilikuwa vinywaji. Sikusikia mtu akiona ajabu. Mama alipouliza kwa nini wasikae kwetu, Mwenyekiti alimweleza kwa upole kwamba wajumbe hawachangii wakiwa wakavu.

Baba alikaa nyumbani vikao vya mwanzo. Baadaye wakasema mgonjwa lazima aonekane, kwa kuwa watu wanachangia sura. Nilimsindikiza. Aliketishwa kiti cha mbele na soda mbele yake, amekunja mikono kama maharusi. Wajumbe walimtazama, wakahuzunika, wakaagiza tena. Jirani yetu mmoja, fundi wa boti, alilia kabisa. "Afisa, tunakunywa hizi kwa niaba yako," alisema, na aliwakilisha vizuri sana mpaka akabebwa.

Zikaja fulana. Kifuani ziliandikwa OKOA INI. Mgongoni ilikuwepo chapa ya bia, kwa sababu wakala wa bia ndiye aliyefadhili uchapaji. Mama alizipokea za familia, akazitazama mbele na nyuma, akazifanya matambara ya kudekia.

Nusu mwaka ukaisha. Baba hakuwa ameonja. Daktari alimpima na kusema maji tumboni yamepungua kuliko alivyotegemea, na njano ya macho imefifia. Akampangia Jumatatu kuja kutolewa damu ya Dar es Salaam. Mwenyekiti alipoambiwa siku hiyo aliifurahia sana, akaitisha hafla ya kumuaga mgonjwa. Aliipanga Jumapili.

"Kwa nini isiwe baada ya Jumatatu?" Mama akamuuliza.

"Mwalimu, Jumatatu watu wako kazini."

Hafla ilifanyika uani kwa Mwenyekiti, chini ya turubai la bluu ambalo sote tulijua limetoka wapi. Palikuwa na bia kwenye meza na, katikati, chungu kikubwa cha pombe ya ndizi chenye mirija mirefu ya matete. Nieleze hapa, kwa msomaji wa mbali. Kwa Waha na Warundi chungu hicho ndicho kinachomaliza mambo. Mahari, msamaha, matanga, safari, vyote havijakamilika mpaka watu wamenyonya chungu kimoja. Mwenye pombe anaonja kwanza, waone kwamba haina sumu, kisha anamkabidhi mgeni mrija kwa mikono miwili. Anayeukataa anasema mbele ya watu kwamba mwenyeji ni mchawi. Na mtu wa kuja, kama Baba, huwa hapewi mrija. Anapewa bia ya chupa, kwa adabu zote, na anaketi nayo pembeni. Miaka yote aliyofanya kazi Kigoma, Baba alikuwa mtu wa chupa.

Pombe ile ililetwa na mzee wa Kirundi ambaye Baba alimpokea ufukweni, akamwandikisha, akamtafutia mjukuu wake aliyepotea kwenye mabasi. Alikuwa ameomba kibali cha kutoka kambini kwa ajili ya siku hiyo. Alionja, akafuta mdomo, akasimama mbele ya Baba na mrija mkononi.

"Nyakubahwa," alisema, maana ndivyo Warundi wanavyomwita mkubwa wao. "Ulinipokea sina hata kiatu, ukaniita baba. Leo unakwenda mbali. Nywa, uende ukiwa mtu wa kwetu."

Mama akainuka. "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunakushukuru sana. Lakini huyu hanywi. Daktari kamkataza."

"Kamkataza bia," mzee akasema. "Hii ni ndizi."

"Hii ni ya asili, Mwalimu," Mwenyekiti akaingilia. "Kemikali za viwandani ndizo zinazoharibu ini. Hii hata wajawazito wanakunywa."

"Kesho anatolewa damu."

"Kesho ni kesho. Aguse tu mdomoni, jamani, mzee wa watu katoka kambini. Watu wanaangalia."

Ni kweli, walikuwa wanaangalia. Hata waliokuwa wanakata nyama walisimamisha visu. Mzee mikono yake miwili ilikuwa imeanza kuchoka. Nilitegemea kuona kiu usoni kwa Baba, kiu niliyoijua. Sikuiona. Niliona uso wa mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya kusubiri sana kwenye foleni.

Alimgeukia Mama, akasema kwa sauti ya chini, "Siku zote wananipa chupa."

Akaushika mrija. Hakugusa mdomoni tu. Niliona koo lake likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, na uani pakapasuka kwa vigelegele. Kisha wazee wa Kiha wakaja mmoja mmoja na mirija yao, kwa kuwa ukishapokea wa mmoja, wa mwingine utaukataa kwa kosa gani? Mama alichukua mkoba wake, akaenda nyumbani kwa miguu.

Jumatatu Baba alitolewa damu. Hakusema kitu, na daktari hakuuliza. Majibu yaliporudi kutoka Dar es Salaam tulikwenda sote watatu. Daktari aliyasoma, akayafunika kwa kiganja.

"Ilikuwa adabu, daktari," Baba akasema kabla hajaulizwa. "Haikuwa kiu."

"Nakuamini, mzee. Kipimo hakitofautishi."

"Nikianza upya?"

"Nafasi yako atapewa mtu mwingine. Hawawezi kusubiri."

"Kwa hiyo ini langu basi."

Daktari akaonekana amechoka kwa mara ya kwanza. "Ini lako halijui kama umeandikishwa au hujaandikishwa. Nilikuambia siku ya kwanza kwamba hizo seli hatujui kama zinasaidia. Lakini hili tumbo nililipima mwenyewe. Lilikuwa linapungua, na hukuwa umechomwa sindano hata moja. Unafikiri nini kilikuwa kinalipunguza?"

Baba akalitazama tumbo lake.

"Mji mzima umechangia India," Mama akasema. "Hakuna aliyechangia hicho."

Kamati ilikaa kikao cha dharura, mahali pale pale, ikaazimia kwamba Wahindi wamebagua. Mjumbe mmoja alidai pombe ya ndizi ni chakula na haistahili kuonekana kwenye mashine. Nauli iliyochangwa ilipelekwa kwenye maandalizi ya kikao cha kuvunja kamati. Jumapili iliyofuata Mwenyekiti alikuja kwetu na ujumbe wa pole, wanaume sita na kreti moja, kwa kuwa kwa mfiwa au mgonjwa hakuendwi mikono mitupu.

Baba aliwapokea getini. Hakufungua.

"Kreti irudi," alisema.

"Afisa, hii si yako. Ni ya sisi wageni."

"Basi wageni mkanywe kwenu."

Mwenyekiti aliwageukia wenzake, kisha Baba, na nadhani aliumia kweli. "Tulikupa mrija," alisema. "Mzee yule hajawahi kumpa mtu wa kuja. Tukakupa."

"Nashukuru. Ulikuwa mtamu."

"Sasa unatufungia geti."

"Nawafungia."

Waliondoka. Kuanzia siku hiyo ikasemwa Katubuka nzima kwamba watu wa kuja ndivyo walivyo, unawakaribisha mpaka chunguni halafu wanakutemea. Baba alianza upya, safari hii bila kamati na bila India. Hakupona. Maji yalirudi mara kwa mara na daktari akayatoa, ila kila mara yalichelewa zaidi kurudi.

Mwaka uliofuata Mwenyekiti alimwoza mtoto wake wa kiume na hakuweza kutotualika. Tuliketishwa meza ya mwisho, karibu na spika, pamoja na madereva na mwalimu mmoja wa hesabu kutoka Mtwara. Mhudumu aliweka bia mbele ya Baba, akaifungua bila kuuliza, ndiyo haki ya meza ile. Baba akaisogeza kwa mwalimu wa hesabu, akaomba chai.

"Chai haipo kwenye bajeti ya kamati, mzee," mhudumu akasema.

Mama akatoa chupa ya chai kwenye mkoba na kikombe cha plastiki. Mshereheshaji akaanza kuwaita wazee wa mji waje chunguni, kila mmoja kwa jina na kwa ukoo. Fundi wa boti aliitwa. Wakala wa bia aliitwa. Orodha ikaisha, jina la Baba halikuwamo, na watu wa meza za jirani wakageuka kidogo kumtazama atafanyaje. Alikuwa amempigia makofi kila aliyeitwa, mpaka wa mwisho. Kisha akamsogezea Mama kikombe, na kwa kuwa spika ilikuwa inapiga kelele sana, akaonyesha kwa vidole kwamba aongezewe, na isijae sana.